Mpaka Uko Wapi? Mbinu za Kupanga na Kusimamia Tasnifu ya Biashara ya Kimataifa

Katika maktaba za vyuo vyetu zimo tasnifu nyingi za uzamili wa biashara ya kimataifa ambazo, ukifuta neno "kimataifa" kwenye jalada, hazipungukiwi na kitu. Moja inahusu huduma kwa wateja katika benki ya kigeni Dar es Salaam. Nyingine inahusu motisha kwa wafanyakazi wa kampuni ya simu Nairobi. Ni kazi za uongozi au masoko zilizovaa kanzu ya jirani. Benki kuwa na wenye hisa ng'ambo hakuifanyi foleni ya wateja wa Kariakoo kuwa jambo la kimataifa.

Kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, mwanafunzi na msimamizi wake wakubaliane juu ya swali moja: mpaka uko wapi? Yaani, ni kitu gani katika utafiti huu kinabadilika kwa sababu bidhaa, fedha, kampuni au mtu amevuka kutoka nchi moja kwenda nyingine? Ukiweza kuuondoa mpaka na utafiti ukabaki umesimama, mada hiyo ni ya shahada nyingine. Na jibu la swali hilo ndilo litakaloamua takwimu za kutafuta, nadharia ya kutumia, watu wa kuhoji na kalenda ya kazi.

Bidhaa moja, mpaka mmoja, uamuzi mmoja

Kosa la kawaida la mada ni upana. "Changamoto za biashara katika Jumuiya ya Afrika Mashariki" inasikika vizuri, lakini tangu Somalia ilipojiunga mwaka 2024 Jumuiya ina nchi nane. Hakuna mwanafunzi wa uzamili mwenye muda wala nauli ya nchi nane.

Punguza mara tatu. Chagua bidhaa au sekta moja, kisha mpaka au njia moja, kisha uamuzi mmoja ambao mtu fulani anaufanya kwa sababu ya mpaka huo. Tazama mifano hii:

Wafanyabiashara wadogo wa Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Kanuni za Jumuiya zinaruhusu shehena ndogo, isiyozidi thamani ya dola 2,000, kuvuka kwa cheti rahisi cha uasilia badala ya mlolongo wote wa nyaraka. Kwa nini wapo wanaokitumia na wapo wanaopita bila hicho?

Parachichi za Njombe zinazokwenda Ulaya. Msafirishaji anaweza kupakia Dar es Salaam au kuvusha mzigo hadi Mombasa. Nini kinamfanya achague bandari ya nchi nyingine?

Maduka makubwa ya Kenya. Nakumatt ilinunua maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014 na baadaye ikaanguka. Uchumi ilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Kampuni ya rejareja ikivuka mpaka, ni ujuzi gani inafanikiwa kuubeba na upi unabaki nyumbani? Tafiti za kuingia sokoni ni nyingi, za kuondoka ni chache, na hapo ndipo penye nafasi ya kusema jipya.

Msimamizi ampe mwanafunzi sentensi hii aijaze: "Nataka kujua kwa nini watu fulani wanafanya jambo fulani wanapovuka mpaka fulani, katika kipindi fulani." Sehemu nne za "fulani" zikijazwa kwa majina halisi, mada imeiva. Moja ikibaki wazi, mwanafunzi arudi kusoma kabla ya kupewa ruhusa ya kuandika pendekezo la utafiti.

Onja takwimu kabla ya kuipenda mada

Wengi huandika sura tatu ndipo wanakwenda kutafuta data, na wakizikosa huanza upya huku ada inadaiwa. Geuza utaratibu. Wiki ya kwanza ifunguliwe kanzidata ya Trade Map ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa kilichoko Geneva, au Comtrade ya Umoja wa Mataifa, na mwanafunzi aje kwa msimamizi na jedwali moja la miaka kumi la bidhaa yake.

Ili kulipata lazima ajue namba ya bidhaa. Forodha za dunia hutumia mfumo mmoja wa kuainisha bidhaa, ambao tarakimu zake sita za mwanzo hufanana kila nchi. Parachichi ni 080440. Korosho zenye maganda ni 080131, zilizobanguliwa ni 080132. Anayechunguza ubanguaji wa korosho kisha akachukua namba fupi 0801 amejipoteza, maana humo mmechanganywa korosho ghafi, korosho zilizobanguliwa na hata nazi.

Namba zenyewe hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Karafuu zilikuwa 090700 hadi marekebisho ya 2012 yalipozigawa kuwa 090710, ambazo hazijasagwa, na 090720, zilizosagwa. Mwanafunzi anayetafuta 090710 kuanzia mwaka 2005 atakuta safu tupu, na asipokuwa makini ataandika kwamba biashara ya karafuu ilianza 2012. Watu wa Pemba watamcheka.

Kisha afanye zoezi la kioo. Achukue kile ambacho Tanzania inasema imeuza Kenya, akiweke kando ya kile ambacho Kenya inasema imenunua Tanzania, bidhaa ile ile na mwaka ule ule. Mara nyingi hesabu hazitalingana, na sababu zinajulikana. Muuzaji huandika thamani ya mzigo unapoondoka, mnunuzi huongeza nauli na bima. Mzigo ulioondoka Desemba huandikwa upande wa pili Januari. Shehena inayopita kwenda nchi ya tatu huweza kuhesabiwa upande mmoja na kuachwa upande mwingine. Na kuna magunia yanayovuka kwa baiskeli na bodaboda bila karatasi yoyote. Uganda imefanya jambo la maana hapa: ofisi yake ya takwimu na benki kuu yake hufanya tafiti maalumu za kukadiria biashara hiyo isiyo rasmi. Anayechunguza mpaka wa Uganda aanzie huko.

Tofauti ikiwa kubwa, msimamizi asimwambie mwanafunzi achague takwimu moja na kuifunika nyingine. Huenda tofauti hiyo ndiyo tasnifu yenyewe.

Nadharia inayoweza kukataa

Sura ya pili huwa bohari la majina. Nadharia tano zinatajwa, kila moja aya mbili, na baada ya hapo hakuna inayosikika tena mpaka hitimisho. Mbili zinatosha, ilimradi kila moja itoe jibu tofauti kwa swali lako.

Chukua CRDB. Benki hiyo ya Tanzania ilifungua kampuni tanzu Burundi mwaka 2012, kisha Lubumbashi, Kongo, mwaka 2023. Modeli ya Uppsala, iliyoandikwa na Johanson na Vahlne mwaka 1977, itasema kampuni huanza na soko la karibu na linalofahamika, ikijifunza husogea mbali. Maelezo mengine yatasema benki ilimfuata mteja wake: mizigo ya Burundi na ya eneo la Lubumbashi hupita bandari ya Dar es Salaam, na wafanyabiashara wake walihitaji benki pande zote mbili. Ikiwa Uppsala ni kweli, mameneja watazungumza juu ya kujifunza na tahadhari. Ikiwa ni kumfuata mteja, watataja wateja na mizigo. Sasa mwanafunzi ana sababu ya kwenda kuhoji, kwa sababu majibu yanaweza kumkatalia.

Tahadhari moja kuhusu Hofstede, ambaye hutajwa karibu kila tasnifu inayogusa utamaduni. Kitabu chake cha 1980 kilitokana na hojaji za wafanyakazi wa IBM zilizokusanywa kati ya 1967 na 1973, na katika alama zilizoongezwa baadaye kutoka hojaji hizo, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zimewekwa kapu moja linaloitwa Afrika Mashariki. Kwa hiyo alama hizo haziwezi kulinganisha Mkenya na Mtanzania, kwa kuwa wote wawili wamepewa namba ile ile. Mtahini wa nje anayelijua hili atalisubiri.

Watu wa kuhoji: msiwe watumwa wa kanuni

Kanuni ya Yamane ya mwaka 1967 imekuwa kama sala katika sura ya tatu. Ukiwa na watu 400 na kiwango cha kosa cha asilimia 5, inakupa sampuli ya 200, na hapo inafanya kazi yake. Lakini wasafirishaji wa bidhaa yako wakiwa 40 tu, kanuni hiyo hiyo itakupa 37. Umepiga hesabu ndefu kuambiwa uwahoji karibu wote. Katika biashara ya kimataifa makundi madogo ni ya kawaida: kampuni chache za kubangua, mawakala wachache wa forodha wanaoshughulikia bidhaa fulani, wanunuzi wachache mnadani. Ni heri kuwaorodhesha wote, kutafuta unaoweza kuwafikia, na kueleza wazi nani amekosekana na kwa nini.

Gawa mahojiano pande mbili za mpaka. Mwanafunzi wa Arusha anayechunguza Namanga akiwahoji Watanzania peke yao atarudi na nusu ya habari, tena nusu yenye lawama zote kwa wale wa ng'ambo.

Maswali nayo yapimwe. Hojaji nyingi humtaka wakala wa forodha aweke alama kwenye sentensi kama "Urasimu huathiri biashara," kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa." Kila mtu atakubali, na hujajua kitu. Muulize juu ya tukio: Shehena yako ya mwisho ilikuwa ya nini? Ilifika mpakani siku gani na ikatoka lini? Ni karatasi gani iliyokwama, na nani aliikwamua? Mfanyabiashara husahau maoni aliyotoa mwaka jana, lakini lori lililolala mpakani hukumbukwa. Hojaji ijaribiwe kwa watu wachache ambao hawatakuwamo katika utafiti, na iwe kwa lugha wanayofanyia biashara. Kama mahojiano ni ya Kiswahili na tasnifu ni ya Kiingereza, maneno asilia ya mhojiwa yahifadhiwe, maana mtahini ana haki ya kuyaona.

Vibali huchukua muda kuliko unavyodhani

Utafiti unaovuka mpaka huhitaji ruhusa za pande zote. Kenya hutoa leseni za utafiti kupitia tume yake ya NACOSTI. Tanzania ina COSTECH, ambako watafiti wa kutoka nje huombea kibali. Mwanafunzi wa chuo cha ndani kwa kawaida hupewa na chuo chake barua ya kumtambulisha kwa mamlaka za mkoa na wilaya. Zanzibar ina utaratibu wake. Mwanafunzi aulize ofisi ya chuo chake mapema, na nakala za kila barua aziweke kwenye simu, kwa sababu zitaombwa mahali asipotarajia.

Kuna pia sheria za taarifa binafsi: ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Majina na namba za simu za wahojiwa si mali ya kuzungusha kwenye kundi la WhatsApp. Wape wahojiwa namba za siri, na ufunguo wa majina ukae faili tofauti. Mfanyabiashara anaogopa mambo matatu: mshindani, mamlaka ya kodi, na mwanahabari. Barua ya ridhaa iseme waziwazi kwamba habari zake haziendi kwa yeyote kati ya hao. Kama mwanafunzi ni mtumishi wa mamlaka ya mapato au benki, asichanganye kofia; ajitambulishe kama mwanafunzi, na asitumie mfumo wa mwajiri wake kujipatia data bila idhini ya maandishi.

Kalenda ya mpaka

Kwa mradi wa miezi 9, mpangilio huu unatekelezeka: mwezi wa kwanza mada na kuonja takwimu, wa pili na wa tatu pendekezo, wa nne vibali na kujaribu hojaji, wa tano na wa sita uwandani, wa saba uchambuzi, wa nane uandishi, wa tisa marekebisho. Hesabu kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya kuwasilisha, na uache angalau wiki tatu ambazo hazina kazi. Zitapata kazi.

Kisha ilinganishe kalenda hiyo na ya biashara yenyewe. Mwaka wa fedha wa nchi nyingi za Jumuiya huanza Julai 1, na ushuru wa forodha hubadilika siku hiyo; data zinazovuka tarehe hiyo bila kuitaja zina kasoro. Juni si mwezi wa kumtafuta ofisa wa hazina au wa mapato. Minada ya korosho huanza karibu na Oktoba, na mnunuzi aliye katikati ya mnada hana saa ya kumpa mwanafunzi. Zanzibar na Mombasa, mahojiano ya alasiri ndani ya Ramadhani hayafai. Omba asubuhi au baada ya futari.

Kwa msimamizi: simamia karatasi

Heshima yetu ina uzuri wake, lakini katika usimamizi inaweza kuficha mambo. Mwanafunzi anaitikia "sawa, Profesa" kwa kila kauli, anatoka ofisini hajaelewa, na anaona aibu kurudi kuuliza. Pengine ana miaka arobaini na mitano, ni meneja kazini kwake, na msimamizi ni kijana aliyemaliza uzamivu juzi. Naye kijana anaona soni kumkosoa mtu mzima. Dawa ni maandishi.

Kila kikao kianze na karatasi iliyotumwa siku tatu kabla, hata kama ni kurasa mbili. Kila kikao kiishe kwa mwanafunzi kutuma muhtasari siku hiyo hiyo. Ujumbe wa namna hii unatosha: "Shikamoo, Daktari. Nilivyoelewa leo: (1) niondoe nadharia ya tatu; (2) nipate takwimu za upande wa Kenya; (3) sura ya pili nikuletee Ijumaa ya tarehe 14. Kama nimekosea popote, naomba unisahihishe." Msimamizi akijibu "Sawa, endelea," kuna makubaliano. Miezi minne baadaye hakuna atakayesema hakuambiwa. Na msimamizi mdogo kwa umri hapungukiwi na kitu akimwita mwanafunzi wake "mzee" au "mama" huku akiweka nyekundu palipostahili nyekundu.

Msimamizi aseme mwanzoni atarudisha sura baada ya siku ngapi, na atimize. Wiki mbili ni ahadi ya haki. Anaposoma, asihariri sarufi ya ukurasa wa kwanza akachoka kabla ya kufika kwenye hoja. Mara ya kwanza asome kwa maswali matatu tu: mpaka uko wapi katika sura hii? Dai kuu ni lipi? Ushahidi uko ukurasa gani? Koma na nukta zisubiri rasimu ya mwisho.

Mwanafunzi anayefanya kazi ofisini hatoweki kwa uvivu. Hutoweka kwa sababu amekwama na anaona haya. Akikaa kimya mwezi mzima, mpigie simu, usiulize "tasnifu imefika wapi," muulize "sentensi gani inakusumbua." Wasimamizi wakiwa wawili, wapeane maoni wenyewe kwanza. Mwanafunzi asifanywe tarishi kati ya wakubwa wanaopingana.

Juu ya akili mnemba, kanuni moja inatosha: kila chanzo kilichotajwa, mwanafunzi awe tayari kukifungua mbele ya msimamizi na kuonyesha ukurasa. Programu hizi hutunga makala zisizokuwapo, zikiwa na majina na miaka inayoaminika. Chagua vyanzo vitano bila mpangilio katika kila rasimu na uombe vifunguliwe.

Mapendekezo yamfikie mwenye uwezo

Sura ya mwisho huharibiwa na sentensi "Serikali ipunguze ushuru." Serikali ipi? Katika Jumuiya, ushuru wa pamoja wa forodha una viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na cha 35 kilichoongezwa Julai 2022. Hubadilishwa na Baraza la Mawaziri la Jumuiya, si na wizara moja peke yake, ingawa nchi inaweza kuomba nafuu ya muda inayotangazwa katika gazeti rasmi la Jumuiya. Kwa kila pendekezo, mwanafunzi aandike nani mwenye mamlaka, atumie utaratibu gani, na ni matokeo gani ya utafiti yanayoliunga mkono. Pendekezo lisilo na mambo hayo matatu lifutwe. Yatabaki mawili au matatu, na hayo yatasomwa.

Kwa utetezi, msimamizi amketishe mwanafunzi mapema na kumuuliza yale ambayo watahini huuliza: Kwa nini mpaka huu na si ule? Nani alikataa kuhojiwa, na kukataa kwake kunabadilisha nini? Ni matokeo gani yangekufanya uiache nadharia yako? Anayejibu haya bila kufungua daftari yuko tayari.

Kazi ikishapita, andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi na uwapelekee wale wa Namanga, Njombe au Lubumbashi waliokupa muda wao: ulichouliza, ulichokuta, na kinachoweza kuwafaa. Msimamizi ahifadhi nakala pamoja na barua za ofisi zilizotoa ushirikiano. Mwanafunzi wa mwakani atakayerudi kwenye mpaka ule ule atapokelewa kwa jinsi wewe ulivyoondoka.